Nyumba Itazamayo

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa kuwapima watu. Hutuonya tusihadaike na sura, mavazi wala maneno matamu, bali tungoje mpaka tuijue tabia. Leo, msomaji wangu, nataka tuirudishe methali hiyo katika maana yake ya asili. Tuitazame nyumba hasa, yenye kuta na paa na madirisha, tujiulize ni kwa kipimo gani twaweza kusema kuwa ni njema au si njema.

Nyumba ninayoikusudia imesimama juu ya kilima katika nchi ya Taveta, na watu wengi huiita Kasri la Grogan. Kilima chenyewe hujulikana kwa jina la Girigan. Ilitokea nikapita njia hiyo pamoja na wanafunzi tuliotoka nao Voi. Mmoja wao alipoiona nyumba ile nyeupe kwa mbali alisema, "Lo, Mwalimu, nyumba nzuri kama nini!" Mwenzake aliyeketi karibu naye akajibu kwa ukali, "Ingekuwa ni amri yangu ningeibomoa leo hii, maana babu zetu walitumikishwa kwa ajili yake." Wakageuka wote wawili kunitazama, kila mmoja akitumaini kwamba nitakuwa upande wake. Sikuwa na jibu la haraka. Insha hii ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno uhakiki. Yuko adhaniye kwamba kuhakiki ni kusifu, na yuko adhaniye kwamba kuhakiki ni kutia ila. Wote wawili wamekosea. Mhakiki ni kama kadhi: husikiliza kwanza, hupima, kisha hutoa hukumu na sababu zake, ili hata asiyekubaliana naye aweze kuona njia aliyoipitia. Mwanafunzi wangu wa kwanza alitoa hukumu kabla ya kusikiliza. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Mmoja aliitazama nyumba asiuone ukulima wa mkonge ulioizunguka. Mwingine aliuona mkonge asiitazame nyumba.

Kwa hiyo nakupa maswali matatu ambayo twaweza kuiuliza nyumba yoyote duniani, ya mfalme au ya maskini. La kwanza: nyumba hii yatazama wapi? La pili: yamkaribisha nani, naye huingia kwa njia gani? La tatu: imesimama juu ya jasho la nani? Swali la kwanza ni la macho, la pili ni la adabu, la tatu ni la haki. Nyumba isiyoulizwa yote matatu haijahakikiwa.

Sasa twende safari. Ukitoka Voi ukaiacha njia kuu ya Mombasa, ukashika njia ya magharibi, utapita Mwatate na Bura, na milima ya Taita itakuwa mkono wako wa kuume, kijani na mawingu yakiwa kileleni. Baada ya Maktau nchi hubadilika. Milima hubaki nyuma, mbele huwa mbuga kavu, udongo mwekundu na miti ya miiba. Hapo ndipo palipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza kati ya Waingereza na Wajerumani. Katika kilima cha Salaita, mwezi wa Februari 1916, jeshi la upande wa Waingereza lilishambulia likarudishwa nyuma. Reli ya kutoka Voi nayo ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo, ili ichukue askari, maji na zana. Vita vilipokwisha, reli ilibaki, na reli huita wakulima wakubwa kama vile taa iitavyo wadudu.

Miongoni mwa walioitika alikuwa Ewart Scott Grogan. Mtu huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1874, na alikuwa kijana bado alipojipatia sifa kwa kusafiri kutoka Rasi ya kusini mwa Afrika mpaka Misri, kati ya miaka ya 1898 na 1900, sehemu kubwa ya njia akienda kwa miguu. Husimuliwa kwamba alifanya hivyo ili astahili kumwoa Gertrude, mwanamke aliyempenda. Baadaye alifika Kenya akawa tajiri mwenye mashamba, misitu na majengo. Huko Nairobi alijenga hoteli ya Torr's mwaka 1928, na mkewe alipofariki alitoa kiwanja cha hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1947 na ambayo hata leo ina jina la Gertrude.

Hizo ni sifa, nami sizifichi. Lakini haifai kuficha upande wa pili. Mwezi wa Machi 1907, mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi, mtu huyo huyo aliwachapa viboko hadharani Waafrika watatu, watu wengi wakitazama, na mahakama ilimhukumu kifungo cha mwezi mmoja. Kumbuka mahali palipochaguliwa. Hakuwachapa porini wala nyumbani kwake. Aliwachapa mbele ya nyumba ya sheria, kana kwamba aiambie nyumba ile kwamba sheria ni yeye. Tangu wakati huo alijua kwamba mahali husema, na kwamba jengo laweza kutumiwa kama ulimi. Yafaa tuyakumbuke haya tunapopanda kilima chake.

Nyumba ya Girigan ilijengwa katika miaka ya 1930, wakati Grogan alipokuwa na mashamba makubwa ya mkonge katika nchi ya Taveta. Tuanze na swali la kwanza: yatazama wapi?

Jibu la haki ni kwamba yatazama vizuri kuliko nyumba nyingi nilizopata kuziona katika Afrika ya Mashariki. Upande wa magharibi upo mlima wa Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ambao asubuhi huonekana wote pamoja na theluji yake kabla mawingu hayajaufunika. Upande wa kusini lipo Ziwa Jipe, na nyuma yake safu ya milima ya Upare iliyo Tanzania. Kuzunguka kilima ni nchi tambarare. Aliyechagua mahali hapa alikuwa na jicho la msanii. Mjenzi mdogo angejenga bondeni karibu na maji, kisha akafungua dirisha moja kuuelekea mlima. Huyu aliuchukua mlima wenyewe akaufanya ukuta wa nyumba yake.

Sebule yake kubwa ilijengwa kwa mviringo, nayo ndiyo moyo wa nyumba. Nataka tukae hapo kidogo, kwa maana hapo ndipo penye fikira yake kubwa. Chumba cha mraba kina pembe, na pembe ni mahali jicho linapokoma. Ukiketi katika chumba cha mraba, ukuta mmoja uko mbele yako na mwingine nyuma, nawe hujui kitokeacho mgongoni pako. Chumba cha mviringo hakina mbele wala nyuma. Ukikizungusha macho, wauona mlima, kisha mbuga, kisha ziwa, kisha tena mlima, bila ya kukatizwa na pembe. Ni shida kuweka kabati katika chumba cha namna hiyo, maana mbao zimenyooka na ukuta umepinda. Lakini mwenye nyumba hakujenga kwa ajili ya makabati. Alijenga kwa ajili ya kutazama. Kila kitu kimetii kusudi hilo moja, na kazi ya sanaa ambayo sehemu zake zote zatii kusudi moja yastahili heshima ya mhakiki, hata kama kusudi lenyewe litaulizwa maswali baadaye.

Kuhusu mtindo, nyumba haikufuata mmoja. Kuna aonaye humo ngome ya jangwani, na kuna aonaye jumba la nchi zilizo kandokando ya bahari ya Mediterania, pamoja na weupe wake unaorudisha mwanga wa jua. Wengine huuona mchanganyiko huo kuwa ni dosari. Mimi siuoni hivyo, kwa maana Uswahilini nako tumechanganya mengi tukapata uzuri. Weupe katika joto la Taveta ni busara. Kilima nacho huleta upepo ambao bondeni haupo. Dosari, kama ipo, tuitafute kwingine.

Nayo iko katika duara lile lile nililolisifu. Wewe mwanafunzi wa nchi za milimani na mbugani, si mara ya kwanza kusikia habari ya chumba cha duara. Wazee wetu katika milima ya Taita, na jirani zao wengi, walijenga nyumba za msonge, za fito na nyasi, na hizo nazo zilikuwa za duara. Kwa maumbo ya nje waweza kusema kwamba Mzungu wa Girigan na mzee wa Taita walifikiri fikira moja. Lakini ingia ndani, kama methali inavyokuagiza. Katika nyumba ya msonge madirisha hayapo; mlango ni mmoja na ni mfupi, yakupasa uiname ili upite. Ndani, jicho halina mahali pa kwenda ila katikati, penye mafiga na moto. Walioketi wote wana migongo yao ukutani na nyuso zao zimeelekeana. Hapana kiti cha mbele wala cha nyuma, na mgeni akiingia huwa ndani ya duara mara moja, kwa maana hakuna mahali pengine pa kukaa.

Duara la msonge latazama ndani. Duara la Girigan latazama nje. Katika la kwanza watu hugeuziana nyuso. Katika la pili, kila mtu aweza kumpa mwenzake mgongo akatazama mbali, na chumba kitakuwa kimetumika kama ilivyokusudiwa. Umbo ni moja, maana ni mbili zipinganazo. Hili ni somo kubwa katika uhakiki wa kazi zote, ziwe nyumba, mashairi au ngoma: usitosheke na umbo mpaka ujue limewekwa kwa kazi gani.

Sasa swali la pili: nyumba yamkaribisha nani? Hapa naona yafaa tushuke mpaka pwani, tupate kipimo kingine. Huko Lamu zimo nyumba za mawe zilizojengwa katika karne ya kumi na nane, nazo ni kinyume cha Girigan karibu kwa kila jambo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ni nene, na kwa upande wa njiani madirisha ni machache mno. Mpita njia haoni kitu ila ukuta. Kama swali la macho lingekuwa peke yake, tungesema kwamba nyumba hizo ni vipofu.

Lakini tazama mlangoni. Mbele ya mlango pana daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe. Hapo mpita njia aweza kuketi bila kuombwa, akapumzika, akasalimiana na mwenye nyumba, wakazungumza habari za chombo na za mvua. Kiti hicho hakiondolewi usiku wala hakifungiwi, maana ni sehemu ya ukuta. Ukaribisho umejengwa kwa chokaa! Ukipita mlangoni, njia ya ndani imepinda ili jicho la nje lisifike uani. Kisha wafika kiwanda, ule uwanja ulio wazi juu uletao mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha. Kila uendapo mbele, mwanga hupungua na heshima huongezeka. Huko kwa ndani ukuta umejaa zidaka, matundu yaliyopambwa kwa chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, yenye kupokea vyombo vya thamani na mwanga mchache unaofika huko. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauwi mrefu kuliko Mungu alivyouumba. Mti ndio uliotoa kipimo cha chumba, na mjenzi alikubali.

Basi nyumba ya Lamu huficha mengi, lakini ina ngazi za ukaribisho: mpita njia ana mahali pake, rafiki ana mahali pake, ndugu ana mahali pake. Nyumba ya Girigan haifichi kitu, lakini imewekwa mahali ambapo mpita njia hayupo. Kilima hakina wapita njia. Anayepanda hupanda kwa kuitwa, au kwa kazi, na kabla hajafika huwa ameonwa kutoka mbali. Mgeni wa Lamu huona nyumba kabla ya nyumba kumwona. Mgeni wa Girigan huonwa kabla ya kujua nani amwonaye. Fikiri tofauti ya mioyo ya wageni hao wawili wafikapo mlangoni.

Nasema basi, na hii ndiyo hukumu yangu juu ya swali la pili: nyumba ya Girigan ni hodari wa kutazama na maskini wa kukaribisha. Ina macho makubwa, haina daka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyeijenga aliivuta nchi nzima ije kwake kwa njia ya madirisha, lakini hakuvuta watu.

Twende kwenye swali la tatu, lililo gumu. Je, nyumba imesimama juu ya jasho la nani?

Toka katika sebule ile kwa fikira zako, utazame tena chini. Kati ya kilima na mlima pana kitu ambacho hatujakitaja: mistari ya mkonge. Mmea huu si wa kwetu. Asili yake ni nchi ya Meksiko, na uliletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Huvumilia ukame, na nyuzi zake za katani hutengeneza kamba na magunia. Lakini ni mmea wenye kudai mikono mingi. Kila jani hukatwa kwa mkono, na ncha yake ni mwiba. Majani hufungwa mitumba, huhesabiwa, hubebwa mpaka kwenye kinu, hukamuliwa, na nyuzi huoshwa na kuanikwa juani. Utomvu wake huwasha ngozi. Mkata mkonge hupimwa kwa mitumba, si kwa saa. Asiyetimiza hesabu yake hajamaliza siku.

Basi kutoka juu mistari ile ya kijani huonekana kama kitambaa kilichofumwa vizuri, na kwa hakika ni mizuri. Kutoka chini, kwa aliye kati ya mistari akiwa na panga mkononi, si kitambaa. Ni kazi. Nyumba ile imejengwa ili mkonge uonekane kutoka juu. Huu ndio upungufu wake mkubwa kuliko wote, nao hauko katika kuta bali katika mahali kuta zilipowekwa: nyumba imechagua urefu ambao kutoka kwao jasho halionekani.

Wala jambo la ardhi halikuwa dogo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 watu wa milima ya Taita walikuwa wakililia ardhi iliyochukuliwa na mashamba makubwa. Waliunda Chama cha Milima ya Taita kudai haki hiyo, na mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku, viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini suala la mashamba makubwa na watu wasio na shamba halikuisha Taveta kwa kupandishwa bendera. Mwanafunzi wangu aliyetaka kubomoa hakuwa mpumbavu. Alikuwa akisema jambo alilolisikia nyumbani, na huko walilijua.

Lakini haki hutaka tupime wote kwa mizani moja. Je, nyumba za Lamu nilizozisifu hazina jasho la watu? La hasha! Mji ule nao ulikuwa na watumwa, na mashamba ya bara yaliyowalisha matajiri wa mawe yalilimwa na mikono isiyolipwa. Zidaka zile nzuri zina upande wao wa giza. Tena twaweza kwenda mbali zaidi, mpaka Wales, ile nchi ndogo ya milima iliyo magharibi mwa Uingereza. Huko kuna jumba liitwalo Penrhyn, lililojengwa katika miaka ya 1820 na 1830 kwa sura ya ngome ya kale, ijapokuwa halikuwa la kale wala halikuwa na adui. Ndani yake mna ukumbi mrefu wa matao ya mawe, na ngazi zilizochongwa kwa ufundi wa ajabu. Mna pia kitanda cha jiwe jeusi la kuezekea, chenye uzito wa tani moja. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria alipofika mwaka 1859 alikataa kukilalia kwa kuwa kilimkumbusha kaburi.

Mali ya jumba hilo ilitoka wapi? Ilitoka kwa machimbo ya mawe yale yale yaliyokuwa karibu, na kabla ya hapo ilitoka Jamaika, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Uingereza ilipoukomesha utumwa katika makoloni yake, mwenye Penrhyn alilipwa fidia ya zaidi ya paundi 14,000 kwa ajili ya watu 764. Watu wenyewe hawakupewa kitu. Kisha, kati ya miaka ya 1900 na 1903, wachimba mawe wa huko waligoma muda wa miaka mitatu. Wale waliokataa kurudi kazini waliweka karatasi madirishani mwao, zenye maandishi ya kusema kwamba ndani ya nyumba hiyo hamna msaliti.

Nakuomba uyatafakari madirisha hayo. Jumba kubwa lina madirisha ya kutazamia. Nyumba ndogo za wachimba mawe zilikuwa na madirisha ya kusemea. Ukienda leo kuhakiki Penrhyn ukaziacha nyumba ndogo zile, utakuwa umesoma nusu ya kitabu. Na ukienda Girigan ukaacha vibanda vya wakata mkonge, utakuwa umefanya vivyo hivyo. Jumba na vibanda vyake ni kazi moja ya usanifu. Havikuchorwa katika karatasi moja, lakini kimoja kisingekuwako bila ya kingine.

Sasa naweza kuwajibu wanafunzi wangu wawili. Wewe uliyesema kwamba nyumba ni nzuri, hukukosea. Ni nzuri, na sasa wajua kwa nini: mahali pake pamechaguliwa kwa jicho kali, na chumba chake kikuu kinatimiza kwa ukamilifu kazi kilichopewa. Lakini uzuri ulioishia hapo ni uzuri wa mlango. Ulikuwa hujaingia ndani, wala hujashuka chini ya kilima. Nawe uliyetaka kubomoa, hasira yako ina sababu. Lakini ukimbomoa shahidi, kesi yako utaithibitisha kwa nani? Nyumba ile yasema wazi, kuliko vitabu vingi, namna watu fulani walivyoitazama nchi yetu: kutoka juu, kutoka mbali, kwa kupenda milima yake kuliko watu wake. Iache isimame, iseme. Baada ya mwenyewe kuiacha, nyumba hiyo imewahi kupokea wageni wa kulipa, na hata watoto wa nchi wamepanda kilima na kuketi katika sebule ile ya duara. Hilo si jambo dogo. Siku mjukuu wa mkata mkonge anapoketi humo na kutazama mistari ile chini, nyumba hupata kitu ambacho mjenzi wake hakuipa: jicho lijualo kilichoko huko chini.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa swali la macho, Girigan imefaulu sana. Kwa swali la adabu, imeshindwa na nyumba ya Lamu yenye madirisha machache, na imeshindwa hata na msonge wa nyasi. Kwa swali la haki, iko katika kundi moja na majumba mengi ya dunia, nayo itabaki humo. Wewe waweza kutoa hukumu nyingine, nami sitakasirika, maadamu utakuwa umeuliza maswali yote matatu na umetoa sababu.

Wala usingoje mpaka usafiri kwenda Taveta au Lamu. Anza jioni hii. Chukua karatasi na kalamu, uchore nyumba mnayoishi: mlango, madirisha, jiko, mahali akaapo baba, mahali akaapo mama, mahali mgeni anapoketishwa. Kisha uiulize. Yatazama wapi? Yamkaribisha nani? Nani aliyefyatua matofali yake, na nani ashindaye jikoni katika moshi ili wengine wakae barazani? Usishangae ukikuta kwamba nyumba yenu nayo ina kilima chake na bonde lake. Ukiisha kuyajua hayo, siku utakapojenga yako, hata ikiwa ni chumba kimoja, kumbuka kuweka kiti nje ya mlango kwa ajili ya mpita njia.